Kitu Kimoja Kilichotulia: Shajara ya Mradi wa Picha za Mitaa, Safari na Theluji

Septemba

Mradi umeanza. Una sehemu tatu: mitaa ya mjini, mandhari za safarini, na nchi iliyofunikwa na theluji. Kinachoziunganisha ni namna ya kupiga. Nataka picha zinazobeba hisia ya mahali kabla ya kubeba taarifa zake, kwa hiyo mwendo nitauacha uvutike, rangi nitaziacha ziingiliane, na kioo chenye mvuke sitakifuta.

Hatari ya njia hii naijua mapema. Kutikisa kamera na kupata michirizi ya rangi ni kazi ya sekunde moja, na mtu yeyote anaiweza. Picha za aina hiyo huvutia mara ya kwanza. Mara ya pili jicho hutafuta pa kushika, likikosa linaondoka. Ndiyo maana swali ninaloanza nalo ni hili: picha inaweza kupoteza kiasi gani na bado ikabaki picha ya kitu fulani?

Ukutani juu ya meza nimebandika nakala ya picha moja tu. Louis Daguerre aliipiga mwaka 1838 kutoka dirishani, jijini Paris, kamera yake ikitazama barabara ya Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika za watu na magari ya farasi, lakini bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, na kila kilichokuwa kinatembea kikafutika. Aliyebaki ni mtu aliyesimama pembeni, mguu mmoja umeinuliwa, anang'arishwa viatu. Huyo anatajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha ya kamera, na alionekana kwa sababu alitulia.

Barabara nzima imetoweka, na bado picha haiko tupu, maana kuna mtu mmoja aliyeishikilia. Dhana ninayokwenda kuijaribu mtaani imetoka hapo: acha kila kitu kiyeyuke, ila kimoja.

Oktoba, mitaani

Nimeanzia kwenye vivuko vya waenda kwa miguu. Pale watu huja kwa makundi, na njia yao mbele ya kamera inatabirika. Tripodi fupi, kamera usawa wa kiuno, lenzi ya milimita 35.

Kwanza mwanga. Siku ya mawingu, kwa ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi la f/8, kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi, huwa karibu 1/100 ya sekunde. Nikibana tundu hadi f/16 nashuka hadi 1/25. Hapo anayetembea anaonekana kama mtu ambaye picha yake imeharibika kidogo, na hilo ndilo eneo baya kuliko yote, kwa sababu ukungu mdogo husomeka kama bahati mbaya. Filta inayopunguza mwanga mara nane inanifikisha takriban 1/3, na hapo ndipo picha zinaanza kusema. (f/16 hulegeza ukali wa picha kidogo, kwa kuwa mwanga hupinda unapopita kwenye tundu dogo. Kwa picha hizi halinisumbui hata chembe.)

Mtu wa kawaida hutembea karibu mita 1.4 kwa sekunde. Katika robo ya sekunde mwili wake husogea sentimita 35, unaokaribia kuwa upana wa mabega yake, kwa hiyo lazima ayeyuke. Lakini kutembea si kuteleza. Kila unyayo ukitua chini hukaa pale palepale zaidi ya nusu sekunde, huku mwili ukipita juu yake. Nilipozikuza fremu za siku ya kwanza kwenye skrini, niliona jambo lililonifanya niinuke kitini: makoti yamekuwa nguzo za moshi, nyuso hazipo, mikoba imebaki mstari wa rangi, na chini ya hayo yote kuna viatu vilivyo wazi kabisa. Kimoja kina kamba iliyofungwa mara mbili na tope lililokauka ukingoni mwa soli. Kingine kisigino kimelika upande wa nje. Unaweza kukisia umri wa mtu na haraka yake kwa kiatu hicho kimoja, na juu yake hakuna mtu, kuna upepo tu.

Kwa hiyo kwa Daguerre kiatu, na kwangu kiatu. Sikuipanga.

Tangu hapo nimeshusha kamera hadi usawa wa goti. Kasi inayofaa ni kati ya 1/4 na 1/3 kwa mwendo wa kawaida. Kwenye 1/8 miili haijayeyuka vya kutosha. Kwenye sekunde nzima unyayo nao umekwisha kunyanyuka, kila kitu kinakwenda na maji. Wanaokimbilia basi wanahitaji 1/6 hivi. Watoto hawana kanuni.

Oktoba, mwishoni

Nimekuwa nikizirudia picha ambazo Alexey Titarenko alizipiga St. Petersburg mwanzoni mwa miaka ya 1990, Muungano wa Kisovieti ulipokuwa umeanguka na maisha yamekuwa magumu. Katika ile inayojulikana zaidi, umati unapanda ngazi za kuingilia kituo cha treni ya chini ya ardhi. Aliacha shata wazi kwa muda mrefu, umati ukawa wingu zito linalotambaa juu ya ngazi. Kando ya wingu, kwenye reli ya chuma, imebaki mikono. Watu walikuwa wanasukumana kwenda mbele huku wameshika reli, na mkono ulioshika husogea polepole kuliko mwili.

Mtu aliyezoea kusema kwamba shata ndefu ni ufundi wa mapambo aiangalie ile. Ukungu pale una sababu: watu walikuwa wanapotea machoni pa nchi yao wenyewe. Ukiipiga kwa 1/500 utapata nyuso nyingi zilizochoka na hutapata hilo.

Faida nyingine ya njia hii naithamini kila ninaposimama mtaani. Wapita njia hawajaniomba niwapige. Nyuso zinapoyeyuka, natoka na picha ya mwendo wao bila kuchukua sura zao. Sheria za kupiga watu hadharani hutofautiana nchi hadi nchi, lakini adabu ni ile ile popote: anayenitazama na kutikisa kichwa, naishusha kamera.

Novemba, mvua

Nje kumekuwa kijivu tupu, na nimehamia nyuma ya vioo. Anayenifundisha hapa ni Saul Leiter, aliyepiga New York kwa rangi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wapiga picha wengi walioheshimika waliona rangi ni ya matangazo ya biashara. Alipiga kupitia madirisha yenye mvuke, chini ya vivuli vya maduka, katikati ya theluji inayoanguka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikaa kwenye masanduku kwa miongo. Ilianza kujulikana sana mwaka 2006, akiwa na zaidi ya miaka themanini. Ninachojifunza kwake ni ubahili. Theluthi mbili za fremu anaweza kuziacha kwenye giza la mlango, kisha kwenye kona ukawekwa mwavuli mwekundu, na huo unatosha.

Kioo chenye mvuke kina uamuzi mmoja mkubwa: fokasi unaiweka wapi? Ukiiweka kwenye matone, dunia nje inageuka madoa ya rangi, na picha inakuwa ya kioo. Ukiiweka kwa mtu aliye nje, matone yanageuka pazia jembamba, na picha inakuwa ya mtu. Nimejaribu zote mbili kwa lenzi ya milimita 85, f/2.8, na moyo wangu uko kwa matone, lakini kwa sharti kwamba nje kuna rangi moja tu yenye nguvu. Zikiwa tatu zinapigana. Tone linaloanza kuteremka huchora njia nyeupe nyuma yake, na kupitia njia hiyo nje huonekana safi, ufa mwembamba wa ukweli katikati ya ukungu. Huo ndio utulivu niliokuwa nautafuta kwenye vivuko, umekuja kwa sura nyingine.

Josef Sudek naye alifanya kazi kubwa na dirisha. Alipoteza mkono wa kulia kwa sababu ya jeraha la Vita vya Kwanza vya Dunia, na kuanzia mwaka 1940 alilipiga dirisha la studio yake Prague kwa miaka mingi: sakitu, mvuke, mti uliopinda uani. Nikiona hazina ile iliyotoka kwenye kioo kimoja, sina haraka ya kutafuta dirisha jipya.

Desemba, njiani

Sehemu ya safari nilikuwa naihofia, kwa sababu picha za safari zina mtego wake: mahali pazuri panakufanyia kazi yote, unabaki kuthibitisha kwamba ulifika. Nimejiwekea sharti la kupiga kati ya vituo tu, kutoka ndani ya treni na basi.

Treni inayokwenda kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 28 kila sekunde. Kwa shata ya 1/60, mimi na kamera tumehama karibu nusu mita fremu ikiwa bado wazi, na kwa 1/15 tumehama karibu mita mbili. Nguzo iliyo kando ya reli inapotea yote. Ukuta wa bustani unakuwa utepe. Mti ulio mita mia moja mbali unavutika pembeni, bado unaitwa mti. Mlima ulio kwenye upeo wa macho haujasogea hata kidogo. Kumbe hapa sihitaji kutafuta kilichotulia, umbali unanichagulia: kila kilicho mbali kinabaki, kila kilicho karibu kinakwenda. Na ndivyo safari inavyohisiwa dirishani, hakuna haja ya kuongeza lolote.

Halafu ikaja jioni. Mchana taswira ya ndani inayorudi kwenye kioo ni adui, na dawa yake inajulikana: sogeza lenzi ikaribie kugusa kioo, zungushia kitambaa cheusi. Usiku kioo ni cheusi tupu, kinakurudishia behewa lako. Lakini kuna kipindi kifupi magharibi, mwanga wa nje unapopungua hadi kulingana na taa za ndani, ambapo vyote viwili vinaonekana pamoja kwenye kioo kimoja. Taswira ya abiria anayesafiri nami imetulia, kwa kuwa yeye na kamera tunakwenda kwa mwendo mmoja. Nje, nyuma ya shavu lake, mashamba na taa za vijiji vinapita kama michirizi. Fremu niipendayo kuliko zote hadi sasa ni ya wakati huo, kwa 1/8: kola ya koti, sikio, ukingo wa kofia ya sufu vyote vimetulia, na taa moja ya barabarani imepita katikati ya kichwa chake kwa mstari wa machungwa. Uso ameuelekeza upande mwingine, na napenda hivyo.

Ugumu ni kwamba kipindi hicho ni kifupi na mwanga unashuka kila dakika. Naweka tundu na ISO kwa mkono, nacheza na shata peke yake. Kamera ikiachiwa iamue, inahesabu mwanga wa taa za dari na kuifanya nje iwe giza.

Januari, theluji

Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kwa kudhani kwamba mandhari kwa wastani ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi. Kamera inaiona, inadhani ni kijivu kilichomulikwa mno, inaipunguza, na theluji inatoka na rangi ya majivu. Hesabu ni rahisi: 18 mara mbili ni 36, mara mbili tena ni 72. Hatua mbili za kuongeza mwanga zinakufikisha karibu na weupe wake halisi. Mimi naongeza moja na nusu nikiwa na jua, nikaribie mbili kukiwa na mawingu, huku nikiangalia histogramu (mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga) isigonge ukuta wa kulia. Theluji iliyopoteza chembe zake zote haiokoleki kwenye kuhariri.

Vivuli kwenye theluji ni vya buluu, na sivisahihishi. Jua likizuiwa, kinachomulika kivuli ni anga, na anga ni buluu. Programu nyingi zitakushawishi uviondoe. Nikiviacha, baridi inabaki ndani ya picha.

Vifaa kwa ufupi. Betri ya lithiamu hudhoofika kwenye baridi kwa sababu kemia yake hupungua kasi. Nabeba ya pili mfuko wa ndani wa shati, na iliyozimika ikipata joto mara nyingi hurudisha sehemu ya nguvu zake. Kabla ya kuingia ndani naifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, naiacha humo hadi ipate joto la chumba, ili unyevu ugande juu ya mfuko na usigande ndani ya lenzi.

Theluji inayoanguka imenipa kazi niipendayo kuliko zote mwezi huu. Bonge la kawaida hushuka kwa kasi ya takriban mita moja kwa sekunde, upepo ukiwa mdogo. Kwa 1/500 linasogea milimita 2 tu, na hewa inajaa nukta. Kwa 1/60 ni karibu sentimita 2, nukta zinakuwa vijiti. Kwa 1/15 ni karibu sentimita 7, na vilivyo karibu na lenzi vinakuwa michirizi mirefu inayofifisha kila kilicho nyuma. Nukta hunifanya nihisi ukimya, michirizi hunifanya nihisi upepo usoni, hata kama siku hiyo upepo haukuwapo. Nachagua kasi kwa kujiuliza nilihisi nini nilipotoka nje.

Februari

Hapa dhana yangu imepinduka, na nimefurahi kwamba imepinduka.

Mashambani, kukiwa hakuna upepo, kila kitu kimetulia tayari: ghala, mstari wa miti, uzio uliozama nusu. Kitu kimoja kilichotulia katikati ya utulivu hakishiki chochote. Picha zangu za wiki za kwanza zilikuwa safi na zimekufa. Michael Kenna, aliyepiga sana Hokkaido wakati wa baridi, anaiweza hali hiyo kwa kuondoa: anabaki na uzio unaopanda mlima, weusi juu ya weupe, kama mstari wa kalamu, na mstari wenyewe una mwendo. Jicho linapanda nao. Niliporudi shambani nikiwa na hilo kichwani, niliacha kutafuta kitu, nikaanza kutafuta njia: alama za miguu ya sungura, mtaro uliojazwa na upepo, waya unaozama na kuibuka.

Njia ya pili ni kusubiri kimoja kinachosogea. Tarehe 22 Februari 1893 Alfred Stieglitz alisimama kwa muda wa saa tatu kwenye dhoruba ya theluji, Fifth Avenue, New York, na kamera ya mkononi, hadi gari la farasi lilipomjia kwenye alama za magurudumu kwa namna aliyoitaka. Kisha akachapisha sehemu tu ya negativu, iliyobaki akaikata. Kila kitu barabarani mle kimebanwa na baridi, na yule mwendesha gari anasogea. Mtaani nilikuwa nahitaji kimoja kinachotulia katikati ya mwendo, na theluji inanidai kimoja kinachosogea katikati ya utulivu. Ni hitaji lile lile, limegeuzwa tu.

Kwa hiyo nimesimama ukingoni mwa msitu nikingoja tawi liangushe mzigo wake. Theluji ikilemea tawi la msonobari, jua la saa nne linailegeza, inamwagika kwa mkupuo, na unga wake unaning'inia hewani kwa pumzi mbili tatu. 1/30, tripodi, waya wa kufyatulia mkononi. Mti wote umetulia, na katikati yake imesimama shela nyeupe.

André Kertész alizipiga bustani za Washington Square, New York, zikiwa na theluji, kutoka juu, kwenye dirisha la nyumba yake, mwaka 1954: njia zilizopinda, ua, miti myeusi, na mtu mdogo anayepita. Nimeazima kimo hicho kwenye daraja la waenda kwa miguu. Kutoka juu theluji ni karatasi, na mtu mmoja anayevuka anatosha kuigawa.

Machi

Kuchagua picha za kutundika ukutani. Nimesafisha fremu zote zilizobaki kwa ukubwa wa kadi, nikazitandaza sakafuni na kuzigeuza juu chini. Picha ikigeuzwa, habari yake inapotea na muundo wake unabaki, unaona mara moja kama ina pa kushika. Zile zote za kutikisa kamera kwa makusudi nimeziondoa, hata moja ya taa za mjini ambayo kila anayeingia chumbani anaisifu. Ni nzuri, na ingeweza kupigwa popote, na mtu yeyote, usiku wowote.

Viatu vinabaki, lakini vichache. Vikiwa vingi mtazamaji ataanza kuvihesabu. Picha za theluji ndizo nyingi kuliko nilivyotarajia na nitazipa nafasi kubwa, kwenye karatasi isiyong'aa, kwa kuwa weupe kwenye karatasi ya kung'aa unageuka kioo cha taa za ukutani. Mpangilio nimeuanza bila kutenganisha sehemu tatu: kiatu cha kivukoni kinafuatwa na taswira ya abiria dirishani, kisha tawi linalomwaga unga. Zikikaa pamoja zinasaidiana kuliko zikitengwa kwa mada.

Pengo liko kwenye safari. Fremu za magharibi zenye nguvu ni chache mno kubeba upande wao, na siku zinarefuka, kwa hiyo treni niliyoizoea sasa inapita mashambani kungali mchana. Nimetafuta ratiba ya treni inayoondoka baadaye kwenye reli ile ile. Kundi la kwanza la picha kubwa, sentimita 40 kwa 50, linakwenda kusafishwa sasa, na kuta za upande wa safari nitaziacha wazi hadi jioni hizo zipatikane.